Emma Mashinini: mama wa chama cha wauza maduka

Wasomaji wameuliza, mwalimu wetu wa historia anajibu.

Mwalimu, tumezoea kusikia Winnie Mandela na Lilian Ngoyi. Huyu Mashinini ni nani?

Ngoyi naye alikuwa mshonaji wa kiwandani, kwa hiyo hawako mbali. Mashinini alizaliwa Johannesburg mwaka 1929. Mwaka 1956 aliingia kiwanda cha nguo cha Henochsberg, wakishona sare za jeshi, na wenzake wakamchagua awasemee. Mwaka 1975 akaacha cherehani, akaanzisha CCAWUSA, chama cha wafanyakazi wa maduka.

Kuandikisha wauza maduka, hilo nalo ni kupambana na makaburu?

Swali zuri. Hadi 1979 sheria za kazi hazikumtambua Mwafrika kuwa mfanyakazi, kwa hiyo tajiri hakuwa na wajibu hata wa kuongea na chama chake. Mashinini alikwenda duka kwa duka akizungumza na akina dada wa kaunta. Shida zao zilikuwa za kila siku: mshahara kiduchu, na ukishika mimba kibarua kimeota nyasi. Wala usidhani makaburu walizidharau. Utawala wao ulisimama juu ya jasho la bei poa, na hapa palikuwa na mwanamke anayetaka bei ijadiliwe. Novemba 1981 polisi walimfuata nyumbani alfajiri. Alikaa ndani miezi sita bila kushtakiwa, muda mwingi peke yake. Daktari Neil Aggett, naye mtu wa vyama vya wafanyakazi, alifia mahabusu Februari 1982, Mashinini akiwa bado ndani.

Ni kweli alisahau jina la mwanawe?

Kweli, ameandika mwenyewe katika kitabu chake cha 1989. Sura ya bintiye aliiona vizuri kabisa, jina likagoma kuja, na mle seli hapakuwa na wa kumuuliza. Alihangaika sana hadi likarudi: Dudu. Kwetu lingechekesha watoto darasani, lakini kwa Kizulu linatokana na neno la kuliwaza.

Alirudi kwenye chama baada ya hapo?

Alitibiwa kwanza Denmark, kisha akarudi. Mwaka 1983 chama chake kikatia saini mkataba na maduka ya OK Bazaars: mama mjamzito apewe likizo ya hadi miezi 12, na akirudi aikute kazi yake.