Kijana Mwenye Unene Uliokithiri: Kumsaidia Adumu Katika Mazoezi

Vijana wengi wenye unene uliokithiri wamekwisha kuanza mazoezi zaidi ya mara moja, wakaacha. Kwa hiyo, swali linalotupasa sisi wahudumu wa afya, pamoja na wazazi, si namna ya kumwanzishia kijana mazoezi tu, bali ni nini humfanya ayaache.

Sababu ya kwanza ni aibu. Kijana anayeitwa "bonge" uwanjani, ama anayechaguliwa wa mwisho timu zinapogawanywa, huona afadhali abaki nyumbani. Dawa yake ni mwenzi, si msimamizi: mzazi, dada au rafiki atembee naye badala ya kumwamuru. Binti asiyependa kutazamwa anaweza kucheza rede uani na wenzake. Vazi la stara halizuii mazoezi.

Sababu ya pili ni kuanza kwa kishindo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za shughuli za mwili kila siku, za kiwango cha kati hadi cha juu. Hilo ni lengo la kufikiwa polepole. Anayeweza dakika 10 aanze na 10, kisha aongeze chache kila wiki. Kipimo chepesi cha kiwango cha kati ni hiki: aweze kuzungumza anapotembea, lakini asiweze kuimba.

Kwa mkazi wa Kunduchi, bahari ni msaada mkubwa. Maji yakipwa, mchanga uliolowa huwa mgumu, nao hufaa kwa kutembea. Aidha, kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni hupunguza karibu nusu ya uzito unaobebwa na magoti. Lakini lazima awepo mtu mzima ajuaye kuogelea. Kwa kuwa saa za kupwa na kujaa husogea kila siku, familia iwe na mpango wa pili: kupita mitaa ya ndani, mbali na magari ya Barabara ya Bagamoyo, asubuhi au jioni jua linapopoa.

Sababu ya tatu ni mizani. Kijana akijitahidi mwezi mzima na uzito usipungue, hudhani amejisumbua bure. Tumweleze ukweli: misuli iliyofanya kazi hutumia sukari ya damu vizuri zaidi kwa siku moja au mbili baadaye, hata kama uzito haujapungua. Tena, kwa anayeendelea kurefuka, kubaki na uzito uleule huku kimo kikiongezeka ni mafanikio. Basi, anapokuja kliniki, asipokelewe kwa swali la kilo. Aulizwe: "Tangu tuonane, ni shughuli gani uliyoifurahia? Ni jambo gani unaliweza sasa ambalo hapo awali lilikushinda?"

Zipo dalili ambazo hazipaswi kuitwa uvivu. Kijana mnene anayechechemea, au anayelalamikia maumivu ya nyonga, paja au goti, asimamishe mazoezi, asiukanyagie mguu huo, na afikishwe hospitalini siku hiyohiyo. Kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza kutoka mahali pake, na maumivu yakasikika gotini ilhali goti ni zima. Mhudumu apime nyonga pia, na aagize picha ya eksirei; kuchelewa huweza kuleta ulemavu wa kudumu. Maumivu ya kifua au kuzirai wakati wa mazoezi nako kunahitaji uchunguzi wa haraka. Kiu kali pamoja na kukojoa mara kwa mara kupimwe sukari siku hiyohiyo. Kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi, au ngozi ya shingo kuwa nyeusi na nene, navyo vichunguzwe.

Mzazi, usimpe mwanao mazoezi kama adhabu ya kula. Chagueni pamoja jambo moja analolipenda, mlifanye wiki hii, na wiki ijayo mlirudie.