Ng'ombe Hawajui Jumapili

Wadogo zangu, leo kona yetu inahamia zizini. Maswali yenu ya siku hizi yananukia samadi na maziwa, na sishangai, maana sisi tunaoishi huku Mbarara mji wenyewe unatupokea kwa sanamu ya ng'ombe wa pembe ndefu. Watu wa huku, wenyeji kwa wakimbizi, wanasali na kuchunga kwa mikono ileile. Shida huanza pale mambo hayo mawili yanapogongana.

Swali lililonishika zaidi ni la kijana wa Rubondo, kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ameondoka kambini akaenda kuchunga kwenye faamu ya mtu upande wa Kiruhura. Anasema tangu aende hajakanyaga kanisani. Alfajiri anakamua, kukipambazuka anawatoa, mchana anawapeleka majini, siku ya dawa anaogesha kupe, jioni anakamua tena. Kwaya yake imeshampa mtu mwingine sauti yake, na mchungaji wa kanisa ametuma neno kwamba kijana amerudi nyuma. Anauliza: "Dada, na Mungu naye ameshanifuta?"

Hapana, mdogo wangu. Hajakufuta.

Tuanze na hao wanaokulaumu, kwa sababu wengi hawajawahi kukamua. Ng'ombe wa Ankole haachii maziwa kwa sababu tu umechuchumaa pembeni yake. Lazima umlete ndama wake, anyonye kidogo kila chuchu, mama alegee. Kisha unamvuta ndama pembeni naye anapiga kelele, unafunga miguu ya nyuma kwa kamba, unaweka chombo katikati ya magoti, ile ekyanzi ya mti iliyofukizwa moshi wa nyasi, ndipo unakamua, na unamwachia ndama sehemu yake. Ukiwahi kumaliza kwa pupa, ndama anakonda. Ukiacha kukamua ng'ombe wa kisasa, yule Friesian mwenye lita kumi na tano au zaidi kwa siku, kiwele kinavimba na kuugua. Kazi hiyo haina mapumziko ya wikendi, na kuifanya vizuri Jumapili asubuhi si dhambi. Someni Luka 13. Yesu mwenyewe alimkumbusha mkuu wa sinagogi kwamba kila mmoja wao humfungua ng'ombe wake siku ya Sabato na kumpeleka kunywa maji. Aliliona jambo hilo kuwa la kawaida kabisa.

Lakini sikuachi hapo, kwa sababu hilo ni nusu tu ya jibu. Fungua Kutoka 20, uangalie amri ya Sabato inawataja akina nani. Wamo watoto wa mwenye nyumba, wamo watumishi wake, wamo mifugo, na yumo mgeni aliye ndani ya malango. Wewe umetajwa mara mbili, mdogo wangu: u mtumishi na u mgeni. Amri hiyo inamwambia mwenye mali akupumzishe. Kwa hiyo, mtu wa kuulizwa habari ya Jumapili zako kwanza ni bosi wako.

Nanyi wenye faamu mnaosoma hapa, kaka zangu na dada zangu, nawaomba msikasirike. Wengi wenu ni walokole, na mnajivunia kuwa watoto wa walokole. Basi tukumbushane wazazi wenu waliokoka namna gani. Kanisa lilikuwa limefika Ankole mapema. Mugabe Kahaya, mfalme wa Ankole, na waziri wake Nuwa Mbaguta walibatizwa mwaka 1902. Ila wafugaji wengi waliendelea kufuata malisho na visima, na Injili ilibaki mbali na makazi yao. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, kwa watu kama Blasio Kigozi na daktari Joe Church, pamoja na Simeoni Nsibambi wa Kampala, ndio uliowafuata mpaka kwenye mazizi. Ulipoingia humo haukuishia kwenye nyimbo. Uligusa maziwa.

Wahima, wafugaji wa Ankole, walikuwa na miiko mizito. Aliyekula maharage asinywe maziwa siku hiyo. Mwanamke aliye katika siku zake asinywe maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, kwa hofu kwamba ng'ombe watadhurika. Walokole wakaivunja miiko hiyo hadharani, wakanywa, ng'ombe wakaendelea kuishi, na ndugu zao wakawatenga kwa hilo. Fikirini ujasiri wa mwanamke yule wa kwanza kuinua kikombe mbele ya mama mkwe wake. Zaidi ya hapo, waliookoka walitubu kwa kutaja makosa yao mbele za watu, kisha wakarudisha walivyoiba, au wakalipa. Mimi uamsho ule naupenda kwa sababu hiyo. Machozi kila mtu anayo, lakini mtu anayeondoka kwake asubuhi akirudisha mali ya jirani ameguswa kweli.

Kwa hiyo, bosi mlokole, ikiwa mchungaji wa ng'ombe wako ana miezi hajaonja ushirika, na mshahara wake wa mwezi uliopita bado unao wewe, usinyanyue mkono kanisani ukishuhudia kwamba Bwana amebariki zizi lako. Waweke vijana wawili wapokezane, huyu Jumapili hii, yule Jumapili ijayo. Siku mmoja akiugua, vaa gambuti zako ukamue mwenyewe. Baba yako alikuwa anakamua.

Kwako kijana wa Rubondo, fanya haya. Zungumza na bosi jioni, ng'ombe wakiwa wameshiba na yeye ametulia, usimvizie barabarani. Mwombe Jumapili moja kati ya mbili, na umwambie nani atashika kazi. Kama hamkuandikiana makubaliano ya mshahara, omba yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji (LC1). Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya kazi, kwa hiyo usikubali kulipwa maziwa peke yake kana kwamba unafanyiwa hisani. Halafu kisimani mnakutana vijana wangapi mchana, ng'ombe wanapokunywa? Mkiwa watatu mnaomwamini Kristo, mna ibada. Someni hata kwa simu, ombeni dakika kumi, rudini kwenye kazi.

Na mchungaji wa kanisa, mzee wangu, badala ya kutuma neno, panda boda boda uende ukamwone. Baadhi yetu tuna ndugu waliopelekwa Marekani, na walioko Texas wanaweza kuwasimulia makanisa ya wachunga ng'ombe wa kule. Watu wanaingia na mabuti na kofia pana, ibada inafanyika ghalani au kwenye banda la farasi, na wapo wanaobatizwa kwenye birika la kunyweshea mifugo. Walioyaanzisha waliona wafugaji hawaji, wakapeleka kanisa waliko wafugaji. Sisi tuna uamsho wetu wenyewe uliofanya hivyo kabla. Tunashindwa nini?

Nikurudie, kijana wa Rubondo. Askofu Festo Kivengere, aliyezaliwa mwaka 1919 upande wa Rukungiri, alichunga ng'ombe utotoni. Uamsho ukampata, akawa mwalimu Dodoma, akahubiri nchi nyingi, akawa askofu wa Kigezi. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, yeye na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu mpaka Rwanda. Alikuwa mchunga ng'ombe na alikuwa mkimbizi. Siku mtu akikudharau kwa lolote kati ya hayo mawili, mkumbuke.

Sasa huyu wa pili, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Naye ni kijana mchunga ng'ombe. Ng'ombe wake waliingia usiku kwenye maharage ya mama mjane karibu na ziwa Nakivale. Aliwatoa kimyakimya kabla hakujakucha, hakuna aliyemwona, na sasa hapati usingizi. Anauliza kama inatosha kutubu kwa Mungu peke yake.

Haitoshi. Tangu mgao wa chakula wa wakimbizi ulipopunguzwa, shamba la yule mama ndilo chungu chake. Kutoka 22 inasema wazi kwamba aliyeachilia mnyama wake akala shamba la mwingine atalipa kwa mazao bora ya shamba lake. Bora, si masalio. Nenda na mzee mmoja anayeheshimika, mkalipime shamba mchana mama akiwepo, umwambie ni wewe, ukubali kulipa hata kama ni kwa awamu. Kama ng'ombe ni wa bosi, mwambie bosi kabla hujaenda, maana deni ni lake pia. Najua unaogopa kufukuzwa kazi. Najua pia kwamba huku wafugaji na wakulima wameshagombana vya kutosha, na kila shamba lililoliwa bila fidia linaongeza chuki kati ya mwenyeji na mgeni, na kati ya kabila na kabila. Abramu alikuwa mkubwa kwa Loti, na wachungaji wao walipogombania malisho alimwachia mdogo achague kwanza. Hakupoteza kitu.

Dada wa Isingiro unayetumwa na mume kuongeza maji kwenye maziwa kabla ya kuyapeleka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa: usiongeze. Kule kuna laktometa na watakugundua, lakini hata wasipokugundua, kuna mtoto atakayenywa maji yako machafu. Vivyo hivyo, ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki, maziwa yake yasiuzwe mpaka siku alizosema daktari wa mifugo ziishe. Mwambie mume kwamba jina la nyumba yenu pale kituoni lina thamani kuliko lita tatu. Akikulazimisha, mtafute mama wa kanisa anayemheshimu, aje azungumze naye.

Lililobaki linaniumiza. Dada mmoja wa Juru, hukohuko Nakivale, familia yake inatoka nyanda za juu za Minembwe, Kongo. Tangu mwaka 2017 vita vya kule vimewapora watu ng'ombe bila hesabu, na baba yake alifika Uganda na fimbo tu mkononi. Sasa kuna mhubiri aliyewaambia kwamba mwenye imani hapotezi mifugo, na kwamba wakipanda mbegu ya fedha madhabahuni zizi litarudi. Baba ameuza simu yake akatoa. Dada anauliza kama kuna dhambi iliyofichika nyumbani kwao.

Mdogo wangu, Ayubu alikuwa na jozi 500 za ng'ombe, kondoo 7,000 na ngamia 3,000. Waporaji waliwachukua ng'ombe, moto ukala kondoo, wengine wakachukua ngamia. Rafiki zake walikuja, wakakaa naye siku saba bila kusema, na hapo walikuwa marafiki wazuri kweli. Walipofungua midomo wakaanza kumtafutia dhambi. Mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, kwa sababu hawakunena ukweli. Huyo mhubiri amekaa kwenye kiti chao. Waliochukua ng'ombe wa baba yako walikuwa na bunduki, na kosa ni la waliozishika. Kaa na baba yako jioni. Muulize majina ya ng'ombe wake. Wafugaji hawasahau: atakutajia rangi ya kila mmoja, mama yake, alizaa mara ngapi, kisima alichopenda. Mwache ataje wote, na akilia mwache alie. Kisha ombeni pamoja. Fedha za madhabahuni kwa mhubiri huyo zikome. Mkiwa na kidogo, nunueni kuku au mbuzi, maana kiwanja chenu cha mita 30 kwa 30 hakilishi ng'ombe, na mbuzi wawili waliofungwa vizuri hawamkosei jirani.

Dada huyohuyo wa Juru ameniuliza pia juu ya mchumba wake, kijana mwema wa kwaya, ambaye nyumba yake haina hata ndama, wakati wajomba wanataka mahari ya ng'ombe kama zamani. Mahari naiheshimu. Ni shukrani ya nyumba moja kwa nyingine, na kuifuta kabisa kungewaumiza wazee ambao vita vimeshawanyang'anya karibu kila kitu. Lakini anayedai leo ng'ombe ambao anajua hawapo anamsukuma kijana kwenye deni au wizi, na anawasukuma wachumba wakaishi pamoja bila baraka. Kaa na mama yako kwanza, yeye ndiye atakayewafikia wajomba. Aombe wahesabu ng'ombe kwa fedha, kidogo kinachowezekana kitolewe sasa mbele ya wazee wa pande zote mbili na mzee wa kanisa, kingine kiandikwe kuwa kitatolewa Mungu atakapojalia, na harusi isisubiri hicho kilichobaki. Mchumba wako naye aende kumsalimu baba yako kabla ya siku ya wazee, peke yake, bila bahasha. Akae, amuulize habari za malisho ya Minembwe, asikilize mpaka mzee amalize.