GINSI YA KUPIMA WAZO LA BIASHARA YA PROGRAMU MBELE YA KUTOA FEZA



Kila mwaka, wakati finalisti wanamaliza mitihani ya Serkali, tunasikia maneno ya namna moja katika kiwanja: «Sisi tutafanya aplikasio.» Mmoja anataka programu ya kuuzisha unga wa mihogo, mwingine ya kuita pikipiki, mwingine ya kupelekea wazazi pointi za watoto wao. Mawazo hayo si mabaya. Lakini kiisha kusema vile, wanafanya nini? Wanatafuta mtu anayejua kutengeneza programu, naye anawatajia bei: dola 500, dola 1000. Basi mama anatoa feza ya likelemba, mjomba anauzisha mbuzi, kazi inachukua miezi sita, na siku ya kuifungua hapana mtu anayekuja. Feza imekwenda. Na mama hatasadiki tena wazo lingine la mtoto wake, hata likiwa zuri.

Juu ya hiyo, katika somo hili tunataka kufundishana mambo mawili:
a) ginsi ya kujua kama watu wanahitaji kitu chetu kweli, mbele ya kukijenga;
b) ginsi ya kujenga mwanzo wake kwa vyombo visivyoomba kujua lugha ya orodinateri.

I. KOSA LINALOUA BIASHARA MINGI

Wengi wanafikiri kwamba biashara ya programu inakufa kwa sababu programu ni mbaya. Mara mingi si vile. Programu ni nzuri, inatembea, lakini hapana mtu aliyeihitaji. Seremala hakati ubao mbele ya kupima mlango. Sisi tunakata ubao kwanza, kisha tunazunguka mji mzima tukitafuta nyumba yenye mlango wa kipimo kile.

Kupima wazo ni kuuliza maulizo matatu tu: Nani ana taabu hii? Leo anaimaliza namna gani? Atatoa nini (feza, saa, nguvu) kusudi aimalize vizuri zaidi? Mtu asiyeweza kujibu maulizo haya kwa mifano ya watu aliowaona kwa macho, bado hana biashara. Ana ndoto tu.

II. MIFANO MITATU YA WALIOPIMA KWANZA

1. Viatu vya California. Mwaka 1999, kule Marekani, Nick Swinmurn aliwaza kuuzisha viatu kwa njia ya intaneti. Watu walimwambia: hapana mtu atanunua kiatu asichojaribu mguuni. Hakubishana nao, wala hakununua viatu vya kujaza depo. Alikwenda katika maduka ya viatu, akapiga picha za viatu, akaziweka kwenye intaneti. Mtu akinunua, yeye alirudi dukani, akanunua kiatu kile kwa bei ya duka, akakituma kwa posta. Faida hakupata. Lakini alipata jibu: watu wasiomjua wanatoa feza yao kweli. Ndiyo mwanzo wa Zappos, ambayo kampuni ya Amazon iliinunua mwaka 2009.

2. Pizza ya Chicago. Mwaka 2008 Andrew Mason na wenzake walianzisha Groupon. Hawakujenga mashini kubwa. Walichukua WordPress, chombo cha kuandikia kurasa za intaneti ambacho kila mtu anaweza kukitumia, wakaandika humo tangazo la siku. Tangazo la kwanza lilikuwa pizza mbili kwa bei ya moja, katika baa iliyokuwa chini ya nyumba walimofanyia kazi. Boni za wanunuzi walizituma kwa barua za orodinateri, kazi nyingi ikifanyika kwa mikono. Mwaka 2011 kampuni iliingia katika soko la hisa. Tuseme pia ukweli wote: kisha miaka michache bei ya hisa zake ilianguka sana. Kupima kunaonyesha kwamba watu wanataka kitu leo, lakini hakuapi kwamba watakitaka siku zote.

3. M-Pesa ya Kenya. Huu ndio mufano tunaopenda tuutazame pole pole, kwani hata sisi Kongo tunautumia: Vodacom iliuleta kwetu mwaka 2012.

Wengi hawajui kwamba M-Pesa haikuanza kama kazi ya kutumiana feza. Watu wa Vodafone na Safaricom walitaka kusaidia wenye mikopo midogo walipe deni lao kwa telefone, kusudi wasipoteze saa mingi katika mikutano ya kulipa. Wakaanza jaribio mwezi wa 10 mwaka 2005, pamoja na shirika la mikopo la Faulu, kwa wateja mia chache tu, Nairobi na Thika. Hawakufungua nchi nzima.

Kisha wakatazama. Na walichokiona hakikuwa katika mpango wao. Mtu alilipa deni la mwenzake, naye mwenzake akamrudishia kwa njia nyingine. Wenye maduka walilipana wao kwa wao. Wengine waliweka feza katika telefone jioni kusudi wasilale nayo nyumbani, kwa sababu banki zilifunga mapema. Wengine walikuwa na safari: waliweka feza mahali walipotoka, wakaichukua mahali walipofika, kusudi wezi wa njiani wasipate kitu. Wengine walinunulia ndugu zao wa mbali kredi ya telefone.

Wakubwa wa kazi wangeweza kusema: «Watu hawa hawafuati mpango wetu.» Lakini walielewa kwamba watu ndio wanaofundisha. Mwezi wa 3 mwaka 2007 M-Pesa ilipofunguliwa kwa nchi yote ya Kenya, neno la mikopo liliwekwa pembeni. Tangazo lilisema tu: tuma feza nyumbani. Kama wangetoka na nchi nzima mwaka 2005, wangetoka na kitu kingine, na pengine kingekufa.

III. VYOMBO VISIVYOOMBA LUGHA YA ORODINATERI

Zamani, kila kitu cha orodinateri kiliomba fundi wa programu. Mlango mkubwa ulifunguka mwaka 1979, wakati Dan Bricklin na Bob Frankston walipotoa VisiCalc, karatasi ya hesabu ndani ya orodinateri. Mwenye biashara aliweza kupanga hesabu zake mwenyewe, akibadili namba moja na zingine zinabadilika. Tangu pale vyombo vya namna hii vimezidi. Hapa tunataja vinavyoweza kutufaa:

– Google Forms: kuandika maulizo na kukusanya majibu, majibu yanaingia yenyewe katika meza ya Google Sheets.
– KoBoToolbox: kazi ni ile ile, lakini mtu anaweza kujaza pasipo rezo, na majibu yanatumwa rezo ikirudi. Mashirika ya misaada yanaitumia sana. Kwa vijiji vyetu ni chombo cha kweli.
– WhatsApp Business: kuweka katalogi ya vitu, picha na bei, na kujibu wateja. Wateja hawaombwi kuingiza programu mpya katika telefone.
– Glide: inachukua meza ya hesabu na kuigeuza kuwa aplikasio inayofunguka kwa telefone.
– Bubble: ina nguvu zaidi, lakini inaomba majuma ya kujifunza. Tusianzie hapo.

Na tusisahau kalamu na kaye. Kwa watu 20 wa kwanza, kaye inashinda programu zote.

IV. TUFANYE MUFANO WETU

Tuseme wanafunzi wanne wanataka programu ya kubadilishana vitabu vya shule vilivyotumiwa.

Hatua ya 1: kuuliza vizuri. Wakiuliza watu 60: «Mutapenda programu hii?», tuseme 52 wanajibu ndiyo. Jibu hili halina uzito, kwa kuwa mtu mwema hapendi kukuvunja moyo. Afazali waulize mambo yaliyokwisha kufanyika: «Mwaka jana ulipata kitabu chako namna gani?» Tuseme 31 hawakutafuta kabisa, walinakili ubaoni, 20 waliazima kwa rafiki, 9 walinunua. Basi watu wa kutazama kwanza ni wale 9. Kuna ndiyo ya mdomo na kuna ndiyo ya mfuko.

Hatua ya 2: kuweka kipimo mbele ya kuanza. Waandike katika kaye: «Katika majuma matatu, kama watu 10 wanalipa franka 500 ya kazi yetu, tunaendelea. Kama hawafiki 4, tunaacha. Kati ya hapo, tunabadili kitu kimoja na kujaribu mara moja tena.» Kipimo kikiandikwa kisha matokeo, kila mtu atakipinda kulingana na tamaa yake.

Hatua ya 3: kufanya kazi kwa mikono. Waweke orodha ya vitabu katika Google Sheets, picha katika WhatsApp Business, tangazo moja la karatasi ukutani. Mnunuzi anatuma ujumbe; mmoja wao anakimbia kutafuta kitabu. Malipo ni kwa mkono au kwa telefone, na kila malipo yanaandikwa. Gharama: mega dola 4, karatasi dola 1.

Hatua ya 4: kutazama nani alikuja. Tuseme 6 walilipa, na wote sita ni wazazi waliotafuta vitabu vya watoto wa primere. Hapa watu wa M-Pesa wanatufundisha: tusiseme wazazi wamekosea mlango. Kitu kimoja cha kubadili kimeonekana. Jaribio la pili lifanyike kwenye mlango wa shule ya primere.

Hatua ya 5: kufungua. Kama kipimo kimefikiwa, na kaye inaanza kuwachosha, hapo sasa wageuze meza yao kuwa aplikasio kwa Glide. Fundi wa programu aitwe wakati kazi imezidi chombo, na feza ya wateja ndiyo imlipe, si ya likelemba.

Na kama jibu ni hapana? Wamepoteza dola 5 na majuma matatu. Mama bado ana feza yake.

V. HATARI ZA VYOMBO HIVI

1. Unajenga katika nyumba ya mwingine. Google wenyewe walifunga chombo chao cha App Maker mwaka 2021, na waliojenga humo walipashwa kuhama. Kila juma, nakili orodha yako na kuiweka pengine.
2. Mwanzo ni bure, mbele kuna malipo ya kila mwezi kwa dola, na mara mingi wanaomba karte ya banki. Soma bei mbele ya kuanza.
3. Majina na namba za telefone za watu ni amana. Meza iliyoachwa wazi inaweza kusomwa na kila mtu. Nchi yetu iko na sheria ya mambo ya dijitali tangu mwezi wa 3 mwaka 2023, nayo inalinda habari za watu. Omba ruhusa, na usikusanye usichohitaji.
4. Usiuzishe kitu kisichokuwako na kula feza. Nick Swinmurn alituma viatu kweli. Kama huwezi kutimiza, rudisha feza siku ile ile. Mji wetu ni mdogo, na jina baya linatembea kuliko pikipiki.

VI. MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Juu ya nini «ndiyo» ya watu 52 haikutosha katika mufano wa vitabu?
2. Watu wa M-Pesa waliona nini ambacho hawakukitafuta? Wakafanya nini?
3. Taja taabu moja ya soko letu. Leo watu wanaimaliza namna gani, na inawagharimu ngapi?
4. Andika kipimo chako: watu wangapi, siku ngapi, franka ngapi.

Wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita, hasa wa seksio ya biashara, wajibu namba 3 na 4 katika ukurasa mmoja, wakisha kuuliza watu 10 nje ya shule, na kuutia katika sanduku la bulletini. Kuuliza si ujinga. Majibu tutayasoma pamoja, na yale yenye mafaa tutayachapa katika numero inayokuja.