Weka Dodoki Chini, Ukapime Sukari

SWALI: Daktari, nina miaka 27, naishi Golbanti. Nimeolewa miaka minne na sijajaliwa mtoto. Hedhi yangu huja mara tatu au nne kwa mwaka. Nimenenepa hadi kilo 84, naota ndevu kidevuni, na shingo imekuwa nyeusi. Nasugua kwa dodoki, haitoki. Mamamkwe ameniletea dawa ya kusafisha kizazi. Niinywe?

JIBU: Dada yangu, usiinywe. Na dodoki nalo uliweke chini, kwa maana weusi huo si uchafu. Mara nyingi ni alama kwamba insulini imezidi mwilini.

Insulini hutoka kwenye kongosho. Kazi yake ni kubisha hodi kwenye misuli ili sukari iliyo katika damu iingie. Kwa baadhi yetu misuli huwa na masikio mazito. Hodi ya kwanza haiitikiwi, basi kongosho hutoa insulini zaidi, na zaidi tena. Ovari hazina uziwi huo. Zikisikia kelele zote hizo, hutengeneza homoni za kiume kupita kiasi: yai huanza kukua kisha hukwama, hedhi hupotea, ndevu huota. Ngozi ya shingo na makwapa nayo huwa nene na nyeusi kama mahameli. Mafuta ya tumboni huzidisha uziwi wa misuli, na insulini nyingi huyafanya yasitoke kwa urahisi. Kwa hiyo anayekuambia umenenepa kwa uvivu hajui anachosema. Wapo hata wembamba wenye shida hii.

Dalili zako zinaelekea kwenye PCOS, yaani hali ya ovari zenye vifuko vingi, iliyoelezwa mwaka 1935 na madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa huwapata asilimia 6 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wengi hawajui. Vile vifuko vinavyoonekana kwenye picha ya ovari si uvimbe wa kukatwa. Ni mayai yaliyokwama njiani.

Lakini mimi siwezi kukupima kwa barua. Nenda hospitali ya Ngao, hapo jirani, uanze na kipimo cha mimba, kisha sukari, shinikizo la damu na tezi ya shingo. Picha ya ovari ikikosekana huko, utaelekezwa kwingine. Sema pia kama umewahi kuchomwa sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, maana nayo hukatisha hedhi na huweza kunenepesha. Na mumeo apimwe mbegu. Kwetu mke hupelekwa kwa waganga watatu kabla mume hajaulizwa lolote.

Ukipunguza kilo 4 hadi 8 tu, yaani asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako, hedhi huenda ikarudi na yai likakomaa. Anzia kwenye kikombe cha chai. Vijiko vitatu vya sukari, mara nne kwa siku, ni vijiko 12, karibu gramu 50, na bado hujala mahamri. Maembe yakijaa, kula moja kwa meno; usikamue matano ukanywa kwa glasi. Wali usiuache, ila sahani yako nusu yake iwe mchicha au kisamvu, robo iwe samaki wa mtoni, kunde au pojo, na wali ubaki kwenye robo. Kisha tembea nusu saa kila siku, kwa mwendo wa mtu anayewahi matatu ya Garsen. Misuli inayofanya kazi huanza kuisikia hodi.

Daktari anaweza kukupa metformini, ambayo huipunguzia kongosho kazi, au letrozoli ya kukomaza yai. Usizinunue dukani kwa kuambiwa na jirani.

Hata siku ile utakapopata mtoto, usiache kupima sukari. PCOS huongeza hatari ya kisukari, katika ujauzito na baada yake. Na hedhi isipokuja kwa muda mrefu, utando wa kizazi hurundikana, na baada ya miaka mingi huweza kugeuka saratani. Ikipita miezi mitatu bila kuona damu, usingoje wa nne.