Safari ya Chakula Tumboni

Umekula ndizi za kupika na maharage hapa Masoko. Je, chakula hicho kinakwenda wapi?

Kwanza meno hukisaga. Tafuna ndizi polepole bila kumeza, nayo itaanza kuwa tamu. Hiyo ni kazi ya mate.

Kisha chakula hushuka tumboni. Tumbo ni mfuko. Hukikoroga kwa saa 2 hadi 4, mpaka kiwe kama uji.

Halafu huingia utumbo mwembamba. Ni mwembamba kweli, lakini urefu wake kwa mtu mzima ni meta 6 hivi! Hapa ndipo damu huchukua chakula. Utumbo mpana hufyonza maji yaliyobaki.

Mtoto anapoharisha, maji na chumvi humtoka upesi. Wengine humnyima maji ili kuharisha kukome. Usifanye hivyo, mtoto anaweza kufa. Utumbo wake bado unaweza kufyonza maji yenye sukari na chumvi. Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo. Aendelee kunyonya, nawe mpeleke zahanati.