Goti Lako Hupimwa Vipi? Fahamu Kabla ya Kumuona Mtaalamu wa Tiba ya Viungo

Wakaazi wengi wa Kipevu huishi kwa kazi ya kusimama, kupanda ngazi na kubeba mizigo. Goti likiuma, hununua dawa ya maumivu na kuendelea. Dawa hutuliza, lakini haionyeshi goti limepungukiwa na nini. Mtaalamu wa tiba ya viungo hupima mambo matatu:

1. Mwendo. Hutumia goniomita, chombo kama rula mbili zilizounganishwa. Goti zima hunyooka hadi nyuzi 0 na kukunjika takriban nyuzi 135. Kutembea huhitaji kama nyuzi 60 tu. Kuchuchumaa au kukaa baina ya sijda mbili huhitaji zaidi ya 110. Ndiyo maana mtu hutembea vizuri ilhali goti limeshapoteza mwendo mwingi.

2. Nguvu. Unanyoosha goti huku mtaalamu akikuzuia kwa mkono. Alama ni 0 hadi 5: 0, msuli haukazi kabisa, 3, unainua mguu bila kizuizi, 5, unashinda kizuizi chote.

3. Unyumbufu. Ukiwa umelala chali, mguu huinuliwa ukiwa umenyooka, kuona kama misuli ya nyuma ya paja imekaza.

Miguu yote miwili hupimwa ili ilinganishwe. Uliza vipimo vyako vya kwanza; ndivyo vitakavyoonyesha kama mazoezi yanasaidia.

Goti likivimba ghafla, likiwa moto ukiwa na homa, au ukishindwa kukanyaga baada ya kuanguka, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.