NCHI JIRANI: Raia Karibu na Mstari wa Mapigano



Habari za vita katika Kongo hutueleza mji gani umetekwa na nani. Somo letu linauliza swali jingine: mnyonge aishiye karibu na mapigano anakula nini, na maji anayapata wapi?

Tuchukue mfano wa Goma, mji wa kando ya Ziwa Kivu.

1. Barabara. Maharage, viazi na maziwa ya Goma hutoka kwa wingi Masisi, nayo hupitia Sake, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 25 magharibi ya Goma. Mwezi Februari 2024 mapigano ya jeshi la serikali na M23 yalifika Sake. Mkulima wa Masisi akakosa pa kuuza, na kibarua wa Goma akakuta bei imepanda. Hivyo vita humpiga hata mtu ambaye risasi haikumfikia.

2. Kambi. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia pembezoni mwa Goma, katika makambi kama Kanyaruchinya, Bulengo na Mugunga. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano. Kuchimba choo ni taabu, na kipindupindu kikaenea. Chakula kilipopungua, kina mama waliingia msitu wa Virunga kutafuta kuni, na wengi walinajisiwa. Mizinga nayo iliwekwa karibu na makambi. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia wakimbizi karibu na Mugunga, yakaua hata watoto.

3. Mshahara. Januari 2025 M23 waliiteka Goma. Hospitali zilijaa majeruhi, maji na umeme vikakatika, mabenki yakafungwa. Mwenye akiba benki akawa sawa na asiye nayo.

Je, hakuna sheria? Ipo. Mikataba ya Geneva ya 1949 huwalinda raia. Protokali ya Pili ya 1977, ihusuyo vita vya ndani ya nchi, katika kifungu cha 14 hukataza kuwatesa raia kwa njaa, na kuharibu mashamba, mifugo na mitambo ya maji ya kunywa. Basi raia haombi huruma. Anadai haki yake.

Nasi jirani tunahusika. Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, imepokea Wakongo tangu 1996. Mkimbizi akiajiriwa kwa ujira wa chini kwa sababu hana mtetezi, ujira wa wote hushuka. Kumtetea yeye ni kujitetea wenyewe.

Maswali ya kujadiliana tawini:

(a) Barabara ya kuleta chakula kwetu ikifungwa mwezi mmja, nani ataumia kwanza?

(b) Kwa nini ni kosa kuweka mizinga karibu na kambi?

(c) Tawi letu litamsaidiaje kibarua mkimbizi apate ujira sawa?